Barua Iliyokataa Kupigwa Picha

Bango lilibandikwa posta Jumatatu ya kwanza ya Novemba, mwaka wa arobaini na tatu, na kufikia Jumatano Bronka Wojnar alikuwa ameshagombana nalo. Lilikuwa kubwa kama mlango wa kabati. Juu yake alichorwa askari kijana amekalia sanduku la risasi, kofia kaisukuma nyuma, anasoma barua huku meno yote yako nje. Mgongoni kwake ndege inapaa. Na chini, kwa herufi nyekundu, pameandikwa: MWANDIKIE LEO, BARUA YAKE ITARUKA.

"Mtazame huyu," Bronka alimwambia jirani yake Pelagia kwenye foleni. "Yuko vitani kweli huyu? Meno hayo ni ya muuza dawa ya meno."

"Labda mama yake amemwandikia," Pelagia akajibu, wala hakumtazama usoni.

Foleni nzima ilicheka kwa lile la dawa ya meno, na hakuna aliyelisikia la Pelagia isipokuwa aliyelengwa. Lilimpata barabara. Bronka alikuwa hajamwandikia mwanawe wa pekee tangu Aprili, na katika mji mzima wa Hamtramck, ambako Wapolandi waliovuka bahari wanajuana mpaka rangi za mapazia, waliolijua jambo hilo walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe, na Pelagia Duda wa ghorofa ya juu, mama wa ubatizo wa kijana. Na bila shaka Leokadia, karani wa posta, ambaye mikono yake ilipitisha barua zote za mtaa na kwa hiyo alijua nani anaandika na nani amenuna.

Mambo yalikuwa hivi. Zenon alitimiza miaka kumi na tisa mwezi wa Machi, akaenda kujiandikisha jeshini bila kumwambia mama yake. Alimwambia siku ya nne, mezani, akiomba apitishiwe chumvi. Bronka alikuwa mjane wa miaka sita, anapiga pasi mashati ya watu kwenye kiwanda cha dobi kutoka asubuhi hadi jioni, na kijana huyo ndiye aliyekuwa sababu ya kila shati. Alinyamaza. Akanyamaza wiki mbili. Asubuhi ya safari Zenon akaweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye kizingiti cha jikoni, kama baba yake alivyompigia mama yake mzazi magoti huko kwao Galicia kabla ya kupanda meli, akasubiri mama amwekee ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Mtoto wa nyumba zile haendi mbali bila alama hiyo. Hata anayekwenda kuozeshwa mtaa wa pili huipata.

Bronka alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka. Aliviambia viazi: "Aliyejiandikisha bila mama, na aende bila mama."

Zenon akabaki pale chini kidogo. Kisha akasimama, akapangusa magoti, akasema, "Haya, Mama," akafunga mlango polepole. Laiti angeubamiza! Mlango uliobamizwa mtu anaweza kuukasirikia. Siku ile Bronka alimenya viazi vya kutosha kulisha kikosi, na hakuna aliyevila.

Hasira yenyewe haikufika hata Mei. Kilichokuja baada yake ni aibu, na aibu haina mahali pa kuishia. Zenon aliandika kutoka kambini, akaandika kutoka Afrika, kisha kutoka Italia, na kila barua aliimaliza kwa swali lile lile: Mama, bado umenipa mgongo? Bronka alizisoma zote, akazibusu zote, akazitia kwenye kopo la unga, na hakujibu hata moja. Kumjibu maana yake ilikuwa kumwomba radhi, na neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake. Hata marehemu mumewe Walenty hakuwahi kulisikia, na Walenty alikuwa na haki ya kulisikia walau mara tatu.

Kwa hiyo aliponuna mbele ya bango, alikuwa na sababu zake.

Siku ya mwisho ya Novemba akaja Bwana Hilary, mpiga kinanda wa parokia, na kikapu chake. Kila mwaka kabla ya Noeli mpiga kinanda hupita nyumba kwa nyumba kugawa opłatek, mkate mweupe mwembamba kama hostia, umegongwa picha ya Mtoto kwenye hori. Haubarikiwi uwe sakramenti, lakini heshima yake ni kubwa kuliko ya keki yoyote. Jioni ya mkesha wa Noeli, kabla mtu hajagusa supu, kila mmoja hushika kipande, huvunja kidogo kwenye cha mwenzake, hula, na ugomvi wa mwaka mzima unakufa pale pale. Hakuna anayetoa hotuba. Ukivunjiwa umesamehewa, na ukivunja umeomba.

Bwana Hilary alipoondoka Bronka alikaa na ule mkate kiganjani mpaka kahawa ikapoa. Kitu kinachosema badala ya mtu! Alikuwa nao maisha yake yote, na sasa tu ndipo aliuona. Tatizo ni kwamba vifurushi vya Noeli vya askari vilikoma kupokelewa katikati ya Oktoba. Kilichoweza kumfikia Zenon kabla ya mkesha ni barua ya ndege peke yake, ile ya bango.

Akavaa koti.

"Bi Wojnar!" Leokadia akasema dirishani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, kucha nyekundu, aliyezaliwa hapo hapo Hamtramck na Kipolandi chake kimejaa mashimo. "Bango limekushinda nguvu, eh?"

"Nipe karatasi hiyo inayoruka."

"Haki ya Mungu? Yako wewe?" Leokadia akageuka haraka kutafuta fomu, kwa sababu uso ulimjaa furaha na hakutaka mteja aone. "Haya sikiliza. Unaandika humu ndani ya mstari, wino mweusi, herufi kubwa. Ikifika Chicago inapigwa picha. Maelfu ya barua yanaingia kwenye mkanda mmoja wa filamu, unaweza kuutia mfukoni. Mkanda ndio unaopanda ndege. Wakifika ng'ambo wanazichapa tena, ndogo, kama kiganja. Yeye anapata picha ya barua yako."

"Picha tu? Na karatasi?"

"Karatasi inabaki huku. Ndege haina nafasi ya makaratasi."

"Lini itafika?"

"Siku kumi, kumi na mbili. Kabla ya mkesha, usitie shaka."

Leokadia alisema na mengine, na mengine zaidi yalikuwa yamechapwa nyuma ya fomu kwa Kiingereza cha herufi ndogo. Lakini Bronka alikuwa ameshasikia "kabla ya mkesha", na baada ya hapo masikio yake yalifunga duka.

Nyumbani aliandika juu: Zenek mwanangu, kama alivyomwita Zenon tangu utotoni. Akaandika chini: Mama yako. Katikati akaacha wazi. Akakoroga unga na maji kwenye kisosi, akavunja opłatek wake nusu kwa nusu, akapaka ile gundi na kubandika nusu moja pale katikati, akaikandamiza kwa kidole gumba ili ishike vizuri. Alikuwa amelifikiria jambo hili na hakuona kasoro yoyote. Wakipiga picha barua, watapiga picha na mkate. Na picha ina ubaya gani? Mama Mtakatifu wa Częstochowa aliyekuwa ukutani naye alikuwa picha ya picha, amenunuliwa sokoni, na miaka yote hiyo alikuwa anasikia sala bila kulalamika. Kijana atauona, ataelewa, na Mungu atafanya sehemu iliyobaki.

Akaikunja, akailamba gundi ya pembeni, akaitumbukiza sandukuni asubuhi ya Jumatano akielekea kazini. Siku hiyo alipiga pasi huku anaimba. Msimamizi wa dobi alimwuliza kama ameokota kitu.

Alhamisi, siku yake ya nusu kazi, Pelagia alishuka kumsaidia kukata kabichi ya kuchachusha, na Bronka hakuweza kujizuia. Alimsimulia yote, na kisu mkononi, kama mtu anayesimulia harusi.

Pelagia aliacha kukata. "Umebandika nini?"

"Opłatek. Nusu. Kwa uji wa unga."

"Kwenye fomu ya mashine? Bronka! Bronka wee, una wazimu?" Pelagia akashika kichwa kwa mikono yenye chumvi. "Binti wa dada yangu alibusu tu ile karatasi! Alibusu tu, na rangi ya mdomo! Walimrudishia na barua ya kumkemea, ati ile rangi inachafua mashine na barua za watu mia zinakwama! Rangi ya mdomo, Bronka! Na wewe umetia mkate!"

"Ni mwembamba."

"Mwembamba! Na gundi je? Ungetia na tango la kuchachusha basi, ale vizuri!"

Waliacha kabichi mezani. Waliteremka ngazi wakifunga mitandio njiani, wanawake wawili wanene kwenye barafu, wameshikana mikono, na watu walisimama kuwatazama. Leokadia alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Alijifunika mdomo kwa zile kucha nyekundu, na hilo lilimtisha Bronka kuliko kelele zote za Pelagia.

"Mfuko uliondoka jana saa nane," akasema. "Sasa hivi iko Chicago. Hata Rais hawezi kuirudisha."

"Wataifanya nini? Wataichana?"

"Hawachani barua ya mtu. Isiyopigika picha wanaiweka pembeni. Nyingine wanairudisha. Nyingine..." akatafuta neno, akalipata, "nyingine inapelekwa yenyewe, hivyo hivyo ilivyo. Lakini kwa meli, meli ikiwa na nafasi."

"Itafika lini kwa meli?"

"Januari. Februari. Bi Wojnar, mimi sijui."

Bronka akashika ukingo wa dirisha. Kijana atakaa mkesha wa Noeli kwenye matope ya Italia bila chochote kutoka kwa mama yake, na mama alikuwa ameandika! Ingekuwa heri asingeandika kabisa, maana sasa ilikuwa kama amempa mgongo mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake miwili.

Leokadia akasukuma fomu nyingine kupitia dirishani. "Andika tena. Leo. Hapo hapo kwenye meza, wino upo. Ikiondoka na mfuko wa leo bado inawahi. Lakini maneno tu, Bi Wojnar. Maneno matupu."

Maneno matupu. Bronka akasimama kwenye ile meza ya kuandikia huku umesimama, kalamu imefungwa kwa mnyororo kama mbwa mkali. Akaandika Zenek mwanangu. Akangoja. Alilijua neno, alilijua lote, mwanzo na mwisho wake, lakini lilipofika kifundo cha mkono lilisimama. Akaharibu fomu ya kwanza, akaharibu ya pili. Watu wakaingia wakatoka. Saa ya ukutani ikakaribia saa nane.

"Neno moja tu, shoga," Pelagia akamnong'oneza, sasa hana hata mzaha. "Moja. Nitakuangalizia pembeni, sitasoma."

"Mkono unakataa."

"Basi niambie mimi niandike."

"Uandike wewe? Ajue nimetuma mtu?"

Saa nane kasoro dakika tano Bronka akaandika kwa kasi, akakunja, akampa Leokadia. Pelagia alikuwa amesoma, bila shaka. Alisubiri mpaka wakafika nje.

"Soksi," akasema.

"Italia kuna matope. Redio imesema."

"Zenek mwanangu, vaa soksi mbili mbili, ule ushibe, mama yako. Ndiyo hiyo barua ya miezi minane?"

Bronka akageuza uso. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanaganda shavuni kwa baridi.

Mkesha wa Noeli walikula wawili, na sahani ya tatu ikabaki tupu kama desturi inavyotaka, kwa ajili ya mgeni ambaye hakualikwa. Pelagia alimvunjia opłatek na kumtakia mambo mengi mazuri, na Bronka aliushikilia mkate ulimini muda mrefu bila kuumeza.

Wiki ya kwanza ya Januari barua ikaja, ndogo kama kiganja. Mama mpendwa, barua yako nimeipata siku mbili kabla ya mkesha. Asante. Soksi ninazo jozi tatu. Nafurahi kusikia u mzima. Zenon.

Aliisoma amesimama mlangoni, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Kuna kitu kilikuwa kimepungua na kwa muda hakujua ni nini. Kisha akajua. Swali halikuwepo. Barua zote za mwanzo zilimwuliza kama bado amempa mgongo, na hii haikuuliza. Mtoto alikuwa amechoka kuuliza. Jibu alikuwa amelipata, jozi mbili mbili.

Baada ya hapo ikawa kimya. Redio ilitaja mito na milima ya Italia kwa majina ambayo Bronka hakuwahi kuyasikia, na sasa aliyasikia hata usingizini. Mwenye telegramu za msiba akipita mtaani, mapazia yote yalitikisika, na akisimama kwenye nyumba ya mwingine, Bronka alishusha pumzi halafu akajichukia kwa kuishusha. Kila asubuhi kabla ya kazi alipita posta. Leokadia alikuwa ameshajifunza kutikisa kichwa kutoka mbali ili Bi Wojnar asilazimike kupanga foleni. Bronka alikuwa na hofu mbili na hakujua ipi kubwa: kwamba ile barua ya mkate itarudi kwake imegongwa muhuri, au kwamba itafika Italia na kumkosa wa kuipokea. Akitoka alimtupia jicho askari wa bango. Hakuwa na nguvu hata za kumtukana.

Na hapa msimuliaji hana haja ya kuwatesa watu. Ilikuja Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ya maandazi, tarehe kumi na saba Februari.

Siku hiyo hakuna nyumba ya Mpolandi isiyonuka mafuta. Mgawo wa vita ulikuwa mgawo, lakini Pelagia alikuwa ameweka akiba ya mafuta ya nguruwe tangu Noeli, kijiko kwa kijiko, na jamu ya maboga badala ya ile ya waridi. Jikoni kwa Bronka sufuria ilikuwa inachemka, Pelagia anageuza maandazi, Bronka anayajaza, wote wawili wana unga mpaka kwenye nyusi, ndipo mlango ukagongwa kwa ngumi.

Alikuwa Leokadia. Hana koti. Amekuja mbio katikati ya theluji na vile viatu vyake vya ndani vya posta, saa yake ya chakula, na nywele zote zimemwagika. Bronka alimwona akaishika meza.

"Si telegramu!" Leokadia akapiga kelele kabla ya salamu. "Si telegramu, si telegramu! Ni barua! Mwandiko wake!"

"Yesu na Maria," Pelagia akasema, "mbona hukuanzia hapo, msichana, umetuua!"

"Nimeanzia hapo!"

Ilikuwa ile ile picha ndogo ndani ya bahasha ndogo. Bronka alijifuta mikono kwenye aproni, akaifungua, akaisogeza dirishani. Herufi zilikuwa kama sisimizi, na macho yalikuwa yameshajaa. Miwani ilikuwa mahali fulani chini ya unga.

"Nisomee," akamwambia Leokadia. "Hapana, usisome. Ngoja. Ana hali gani? Tazama mwisho kwanza. Hapana, soma."

Leokadia akasoma, akijikwaa, kwa sababu Kipolandi cha Zenon kilikuwa na mashimo kama chake.

"Mama mpendwa. Leo ni tarehe tatu Februari. Jana niliipata barua yako. Si ya soksi, ile nyingine. Imekuja karatasi yenyewe, imegongwa mihuri mpaka sioni jina langu, na mtu ameandika kwa penseli nyekundu, haipigiki picha. Karani wetu wa barua aliniuliza mama yangu amebandika nini humu, saruji?"

Pelagia akatoa sauti kama chupa iliyofunguliwa.

"Opłatek ulikuwa makombo, na nusu yake imeganda kwenye gundi. Makombo niliwagawia wenzangu. Mmoja wa Texas aliuliza kama ni dawa. Nikamwambia ndiyo. Halafu nililamba karatasi, Mama. Mbele ya watu wote. Walicheka, na mimi nikacheka, na sikuweza kuacha, mpaka sajini akaja kutazama kama nimeumia."

"Soma," Bronka akasema, ingawa Leokadia hakuwa ameacha.

"Ilipofika ile ya soksi nilisema basi, ananiandikia kama mtu anavyomwandikia mpangaji. Nikaamua nisikuulize tena. Sasa naona ulikuwa umeshaniambia kabla, ila uliniambia kwa meli. Usiseme umechelewa. Kwetu nyimbo za Noeli zinaimbwa mpaka tarehe mbili Februari, siku Bwana alipopelekwa hekaluni, na barua imefika tarehe mbili yenyewe, alasiri. Umewahi kwa mguu mmoja, Mama, kama unavyowahi tramu ya asubuhi."

"Kweli!" Pelagia akapiga paja, unga ukaruka. "Kweli kabisa! Mpaka tarehe mbili! Mti wa Noeli mimi mwenyewe nimeuondoa tarehe tatu!"

"Nyamaza, Pelagia."

"Wenzangu wote hapa," Leokadia akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa inayumba, "wana picha za barua za mama zao. Mimi peke yangu ninayo karatasi yenyewe, iliyoguswa. Wananiomba niwaonyeshe. Kwenye gundi kuna alama ya kidole gumba chako. Nimepimisha na changu. Chako ni kikubwa zaidi, usikasirike."

Hapo Leokadia akasimama.

"Kuna nini?" Bronka akauliza. "Ndiyo mwisho?"

"Hapana. Ni kwamba... hapa juu, juu ya karatasi, kuna mahali peupe. Hajaandika kitu. Nilidhani imechapwa vibaya." Akasoma neno kwa neno. "Anasema: Pale juu nimeacha nafasi. Hapo ni paji la uso wangu. Ninaandika nimepiga magoti, na si kwa kukosa meza, ingawa meza hakuna. Nimepiga mbele ya mlango wako, Mama. Ukimaliza kusoma, geuka."

Mafuta yalikuwa yanachemka peke yake kwenye sufuria. Bronka akaichukua ile picha kutoka kwa Leokadia na kuilaza mezani, akaondoa unga pembeni yake kwa upande wa mkono. Mahali peupe palikuwa padogo kama stempu. Akakifuta kidole gumba kwenye aproni, akakifuta tena, kisha akakiweka pale na kuchora msalaba, polepole, kutoka juu kwenda chini, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyochorewa yeye, na kama marehemu Walenty alivyochorewa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. Lilitoka bila shida yoyote, na sauti yake ya kawaida, kama mtu anayeomba apishwe mlangoni. "Nenda na Mungu. Na urudi."

"Amina," Leokadia akasema.

Pelagia alikuwa anajifuta uso kwa taulo la vyombo na hakuwa amegundua kwamba maandazi manne yameungua meusi. Bronka akaketi. Miezi kumi alikuwa anatembea na jiwe kifuani, amelizoea mpaka alidhani ni sehemu ya mwili, na sasa halikuwepo, na pumzi ilikuwa inaingia mpaka chini kabisa. Vita vilikuwa havijaisha, na yeye alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote jikoni mle. Lakini mtoto wake alikuwa huko aliko na msalaba wake kichwani.

"Binti," akamwambia Leokadia, "ulikuja na fomu?"

"Nilikuja hata bila koti, Bi Wojnar."

"Basi kula andazi, uvae koti langu, turudi pamoja. Nataka kuandika lile neno. Sasa mkono unalijua."

"Na soksi?" Pelagia akauliza kando ya sufuria, pua imeziba kwa kilio. "Hutaandika soksi?"

"Nitaandika," Bronka akasema, akaanza kufungua aproni. "Nafasi ikibaki."